Kioo cha Kumi na Saba

Umeme umekatika tangu saa nne.
Naisogeza dirishani hadubini ile kuukuu,
yenye kijioo chini ya tumbo,
nalitega jua la Arua, nalipenyeza
ndani ya tone lililotoka tayani mwa Anguyo.

Anguyo, miaka sita, wa Maracha.
Kwanza walisema ni jino. Jino likang'olewa,
na jirani yake likang'olewa,
na shavu likazidi kuumuka kama unga uliosahauliwa
mpaka jicho la kushoto likaanza kuchungulia pembeni.
Sindano nilimchoma mimi. Hakulia.
Aliuliza tu kama sindano itarudi na kitu.

Imerudi na kitu.

Nimekipaka juu ya kioo, nimekipepea kikauke,
nimeandika 17 kwa penseli, maana wino huikimbia spiriti
na penseli ni kaidi.
Kisha Gimsa, dakika ishirini kwa saa ya mkononi,
kisha maji, kisha tone la mafuta,
kisha pumzi, ambayo kila mara naisahau.

Bi Zamzam, aliyenifundisha kazi hii
kwa Kiswahili chenye Kinubi ndani na kofi la mgongoni,
alisema: usiharakie jina.
Seli ni mgeni mlangoni,
mtazame viatu kwanza.

Basi natazama viatu.
Za duara, kimo kimoja, zimebanana
kama wanafunzi kwenye gwaride la sare mpya.
Viini vimevimba; vingine nimevifumania
katikati ya kugawanyika, nyuzi zikivutwa huku na huku.
Na pembeni buluu, buluu nzito,
imetobokatoboka kama uso wa kisra.

Halafu, hapa na pale, ndani ya msongamano huo,
seli moja kubwa, rangi ya maziwa, imekunjua mikono,
tumboni mwake vipande vya waliokufa.
Giza, nuru.
Giza, giza, giza, nuru.
Madaktari huliita anga lenye nyota.
Nami, Mungu anisamehe,
niliuona uzuri kabla ya kuuona ugonjwa.

Letaru, mama yake, alikuwa amesimama mlangoni.
Kanuni hairuhusu. Nikamvutia stuli.
Alifumba jicho lisilo lenyewe, akacheka kidogo,
akafumba lile jingine,
akakaa kimya muda wa kuchambua bakuli la maharage.

"Hizi nyeusi ndizo zinazomla?"
Ndizo.
"Na hizi nyeupe?"
Zinazoa maiti. Ni za kwake mwenyewe.
"Kumbe hayuko peke yake humo."

Sikumwambia kwamba hazitoshi.
Nilimwambia jambo jingine, nalo ni kweli:
ugonjwa huu una pupa,
hujizidisha kati ya alfajiri na alfajiri,
na mwenye pupa hadiriki kula tamu;
dawa ikishuka ataibugia kwa pupa hiyohiyo.
Tukiwahi.
Aliniangalia mdomo niliposema tukiwahi,
kama mtu anayehesabu chenji.

Nikapiga picha ya anga kwa simu yenye ufa,
nikaituma wodi ya watoto kwa Daktari Onzima,
kisha nikaijaza fomu kwa mkono, herufi kubwa,
nikairudia mara mbili, maana hapo ndipo mkono wangu hutetemeka:
si kwenye sindano, kwenye karatasi.
Letaru aliipokea, akaikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na nauli,
akaondoka hatua ndefu, hakuaga.

Buluu imeganda kwenye kucha zangu.
Jioni mke wangu ataniuliza tena
nimepaka rangi nyumba ya nani.

Umeme unarudi. Feni inakohoa, inaanza.
Kioo cha kumi na nane: kohozi, mtu mzima, Koboko.
Natazama viatu.