Tatu Iliyovimba

Mama Nabintu aliingia na mvua mgongoni,
matope ya Kadutu hadi kwenye vifundo,
mche wa sabuni umefungwa ndani ya kitenge.
Sabuni ya mawese na limau, aliyoipika mwenyewe.
"Papa Mugisho, nitengenezee lebo mia nne.
Jina langu, na namba ya simu, kubwa."

Nikamwekea karatasi mbili mezani.
Hii iguse: nzito, maji yanateleza juu yake.
Na hii... nyepesi, nikasema, nikaishia hapo.
Alihesabu franka zake mara mbili
akachagua kwa mfuko, si kwa kidole.

Nami nilijua.
Nilijua wino hutambaa kwenye karatasi ile
kama chai iliyomwagika kwenye shela la bibi arusi.
Lakini umeme ulikuwa umerudi saa ile ile, baada ya siku mbili,
na nani Bukavu hubishana na umeme uliorudi?
Nikachapa.

Tatu ya mwisho ikavimba,
ikafumba midomo yake miwili,
ikawa nane.

Mwezi mzima simu ya Mama Nabintu ilinyamaza.
Alidhani mji umeacha kuoga.
Kumbe kule Uvira, Lukogo, fundi wa baiskeli,
mikono imejaa grisi, alikuwa akipokea:
"Miche sita, Nguba, kabla ya Jumapili."
"Ile ya limau bado ipo?"
Kwanza alitukana.
Kisha akaanza kuomba radhi kwa niaba ya asiyemjua.
Wiki ya tano akanunua sufuria na soda kali.

Lebo yake nimeiona, Kamanyola, kwenye kibanda.
Karatasi nzito.
Namba unaisoma kwa mwanga wa mshumaa.
Hakuichapisha kwangu.

Mama Nabintu hakupiga kelele. Aliweka lebo mezani.
"Soma."
Nikasoma: nane.
"Mimi nilikuambia nini?"

Nilimchapishia mia nne nyingine, bure, za karatasi nzito.
Alizipokea, akazipapasa, akaondoka bila asante,
na haki yake.

Siku hizi kazi haitoki hapa
kabla sijamwita mtoto yeyote apitaye na ndoo ya maji.
Namwambia aiguse kwa kidole chake kibichi,
halafu anisomee namba, tarakimu moja moja.
Akisita, nachana.
Wananiuliza kwa nini nachelewa.
Nawaambia wapige simu Uvira.