Gololi Chini ya Kitanda

Rasimu ya kwanza niliizamisha dunia.
Maji yalipanda ngazi za bunge, jenerali akalia redioni,
na mwanasayansi mmoja, kijana, mrembo kupita kiasi,
alisema yote niliyotaka kuyasema mimi.
Varvara Semyonovna aliisoma kwa usiku mmoja,
akairudisha na neno moja pambizoni: Wapi?

Basi nikavuka Mto Lena, nikaenda kwa shangazi Ogdo,
ambaye nyumba yake imeinama
kama mtu anayesikia kwa sikio moja.
Ardhi iliyoganda tangu kabla ya majina inayeyuka chini yake.
Weka gololi karibu na jiko:
inajiendea yenyewe hadi chini ya kitanda.
Wajukuu wamefanya mchezo, wanawekeana dau la peremende.

Nikamuuliza kuhusu mabadiliko ya tabianchi.
"Nani huyo?" akasema.
Nikamuuliza kuhusu ghala la barafu.

Hapo akaweka kikombe chini.
Mumewe alilichimba kwa shoka na moto, miaka miwili.
Nyama ya farasi, samaki, mapande ya barafu ya kunywa
vilikaa humo kiangazi kizima, vigumu kama mawe.
Mwaka juzi, mwezi wa Julai, alifunua mfuniko,
harufu ikamtangulia kutoka.
Hakumwambia mtu. Aliifukia nyama usiku, peke yake,
akiona haya,
kama mwenyeji aliyeshindwa kumsitiri mgeni.

Haya.
Kurasa mia nne za mafuriko, na neno hilo halimo.

Riwaya hutaka adui abishe hodi.
Hapa kikulacho ki chini ya sakafu, na mlango haufungiki;
Nyukulay huupiga randa kila vuli,
ikifika masika umegoma tena, upande mwingine.
Nimlaumu nani? Mwana wa Ogdo anachimba makaa ya mawe Neryungri.
Pesa zake ndizo zilizonunua randa.

Nimemfuta jenerali. Nimelifuta bunge na maji yake.
Mwanasayansi nimembakizia ukurasa mmoja:
amekuja kupima joto la udongo, amevua viatu,
anakunywa chai, na kijiko chake kinateleza mezani
polepole, naye anakizuia kwa kidole
huku akiendelea kuzungumza.

Mwisho siujui. Varvara anauliza kila wiki.
Sura ya saba inaanza na gololi
iliyokwisha kuachiliwa.