Mbuzi ya Limbani

Mbuzi tunayokunia nazi kwetu Limbani
ilitakiwa iwe ndege.
Usicheke. Inyanyue uone:
nyepesi mno kwa umri wake,
na chini ya weusi wa tui na miaka
pana namba ya patasi: saba, mkwaju, tatu.
Ina matundu mawili ya duara, yalitobolewa kupunguza uzito.
Sisi tunayatumia kuitundika msumarini.

Babu yangu Shaame Kombo, fundi wa milango,
alichukuliwa Wete mwaka wa arubaini na mbili,
mwaka wa mchele wa kadi na marekani ya kuomba,
akapelekwa Unguja, Kisauni,
kwenye banda la makuti refu kuliko msikiti wa Ijumaa.
Ndani, mifupa ya eropleni.

Mzungu wa michoro alisema bati jepesi limekwisha,
lote limekwenda vitani na halirudi,
basi na tujaribu mbao.
Wakajaribu mvule: mzito.
Mfenesi: mzito, tena una kiburi.
Mwisho wakapasua masanduku ya meli,
wakagandisha kwa gundi iliyonuka maziwa yaliyolala.

Babu alipewa mbavu za bawa la kushoto, ishirini na mbili.
La kulia alipewa Pedru, Mgoa,
na wawili hao hawakusemezana
mpaka timazi ikawapatanisha.

Iliruka mara moja, Alkhamisi asubuhi.
Babu hakuwa na saa; alianza Yasini,
na hakufika mwisho.
Ilipita juu ya mikarafuu ya Kizimbani
ikainama kushoto kidogo,
na babu, huku chini, naye akainama kushoto,
kama amsaidiaye mtoto kubeba ndoo.

Rubani akashuka, akavua kofia,
akasema neno moja ambalo hakuna aliyelifasiri.

Simu ya upepo ikaja kabla ya mwezi kuandama:
ndege za chuma zimepatikana,
vita vimehamia kwingine,
ichomwe.

Haikupata jina. Haikupata pacha.
Pedru alilia waziwazi. Babu alikohoa tu, moshi, alisema,
akachomoa mbavu mbili pembezoni mwa moto
akazikunja ndani ya jamvi.

Nyumbani bibi, Mize binti Faki, alimsikiliza mpaka mwisho,
kisha akauliza:
"Na hizo bunduki zake, zingemlenga mtoto wa nani?"
Babu hakumjibu.
Kesho yake alizipishanisha zile mbavu,
akapiga komeo, akapachika ulimi wa chuma.

Tangu hapo imekuna nazi za harusi saba,
za hitima sijui ngapi, za futari zote.
Ndege imezeeka mbuzi.

Nikiikalia, mama hunambia: kaa sawa.
Nakaa sawa.
Kibao kinanirudisha kushoto.