Maji ya Tatu

Tiketi niliinunua mimi, kwa mshahara wa miezi miwili,
ili Filda Aciro, mjane wa sajini,
aone maji mengi mara moja bila kuyateka.
Tulipanda *Nnamunye* pale Nakiwogo, Ijumaa,
siku mbili za kuzunguka visiwa vya Ssese na kurudi.
Wakatupa ufunguo wa namba kumi na nne
na juisi yenye kimwavuli cha karatasi.
Mama akakichomoa, akakikunja, akakitia pochini.

Chakula cha usiku hakukigusa.
Uma tatu, alisema, na mdomo mmoja.
Alikaa kama mtu aliyeitwa ofisini
kwa jambo asilolijua.

Saa nne ziwa likageuka.
Kwanza umeme, bila sauti, upande wa Bukakata,
kisha upepo ukatushika ubavuni
na meli nzima ikalia kama kitanda cha chuma cha hospitali.
Muziki wa ukumbini ukakatika katikati ya neno.
Mutumba, mhudumu, akapita akigonga milango:
"Hakuna shida, nnyabo, hakuna shida,"
na suruali yake imelowa mpaka magotini.

Tone la kwanza liliangukia mto wangu.

Baharini, nasikia, mtu huonja tu:
akikuta chumvi anajua aanze kuomba.
Ila Nalubaale ni maji baridi, na mvua ni maji baridi;
ulimi wa kawaida hautambui
kama unavujiwa au unazama.

Ulimi wa Mama ulilelewa kota za Bombo,
miaka kumi na tisa chini ya bati moja
ambalo jeshi liliahidi kila mwaka kulibadilisha.
Akakinga kidole. Akaonja.
"Mvua. Imepitia kwenye kutu."
Akaitega ndoo ya barafu.

La pili likatoka kwenye taa.
Akaonja, akacheka, mara ya kwanza tangu Nakiwogo:
"Hili lina sabuni. Kuna bwana huko juu
dhoruba imemkuta anaoga."
Akaweka kikombe, akakisogeza kidogo,
ti, ti, ti, katikati kabisa.

Kufika saa sita korido yote ilikuwa chini ya amri yake:
masinia ya jikoni, mabakuli ya supu,
Mjerumani wa kumi na sita ameshika beseni alivyoagizwa,
na yule bwana wa sabuni, meneja wa benki Mbarara,
kashuka na taulo, naye kapewa kitambaa apige deki.
Mama yangu, ambaye jioni hakujua mikono aiweke wapi,
alikuwa anafoka kwa Kiswahili cha gwaride.

La tatu halikuwa tone.
Lilikuja bila sauti, kwa chini:
zulia la mlangoni likaingia weusi,
na weusi ule ukawa unatembea.
Akapiga goti. Akachovya kidole.
Meli ikainama, ikakawia kurudi.

Hakusema kitu.
Alifuta kidole kwenye gauni,
akanivalisha viatu, mimi wa miaka thelathini na minne,
akafunga kamba mafundo mawili
kama asubuhi ya darasa la kwanza,
kisha koti la kuokolea, akavuta mikanda mpaka nikakohoa.
"Kaa hapa mlangoni. Usilale."
La kwake lilibaki kitandani, limekunjwa.

Pampu zilinguruma mpaka kukapambazuka.

Lutoboka, asubuhi: ziwa limelala kama halijui lolote,
michikichi ya mlimani imeoga,
na mtu wa kampuni, mwenye tai kavu,
anagawa hati za safari nyingine ya bure.
Mama akaikunja ya kwake,
akaitia pochini pamoja na kimwavuli.

Nikamuuliza: yale ya mlangoni, yalikuwa maji gani?

Alikuwa anamenya yai.
Akalinyunyizia chumvi, akanipa nusu kubwa.
"Yalikuwa maji," alisema. "Kula."