Uzito wa Unyoya

Mimi huziba mashimo
kwa koleo na kipimo;
lami moto iliyomo
hufuka moshi lorini.

Kwetu huku Minesota,
baridi inapopita,
njia imetoka vita,
ina kovu mgongoni.

Maji hupenya, huganda,
yavimba kama kidonda,
kisha lori hukiponda,
ndipo shimo li njiani.

Naapa, neno la kweli:
shimo la baisikeli
sijaziba, si la pili,
si la kwanza, maishani.

Machi tangazo latoka:
dola kumi kila mwaka
kwa pedali kuzunguka,
zitumbukie hazini.

Kivela kaacha kiti,
mwenye malori ya miti,
akaitoa sauti
kama honi barazani:

"Nikinunua mafuta
serikali hunikata;
hawa njia wamepata,
mikono i mfukoni!

Mwaka jana mkachora
rangi ya kijani, bora,
maegesho mkapora
ya wateja wa dukani.

Na wao waje kutoa,
si kengele na kupaa;
lazima kuinamia
mtaka cha mvunguni."

Makofi yakarindima,
nami nikapiga, jama,
kwani rangi ni gharama,
nasoma bei ndooni.

Toini akainuka,
koti maji yamtoka,
kofia ngumu kashika
kama bakuli kwapani.

Hufua shuka usiku
za wagonjwa, kila siku;
gari aliuza, huku
kodi imo mlangoni.

"Sikatai," akasema,
"nitalipa, bila noma;
ila kwanza nitapima
uzito wangu njiani.

Pale machimbo ya mawe
kuna mizani; mwenyewe,
Kivela, naomba uwe
shahidi wangu pembeni."

Jumamosi tukaenda,
watu saba, au kenda.
Toini akaipanda,
akatua mizanini.

Sindano haikucheza.
Tukafuta, tukakaza
macho; sufuri yang'aza
kama yai kikapuni.

"Imekufa!" wakanena.
Msimamizi: "Hapana,
tani moja huiona,
robo yake haioni."

Kisha lori la Kivela
likapanda bila hila;
sindano ikaja lala
upande wa pili, chini.

Watu wakacheka sana.
Kivela kichwa kakuna:
"Sufuri si kweli, mwana,
unyoya una uzani."

Neno likanisumbua.
Theluji nani huzoa
Toini apate njia
saa kumi ya gizani?

Mimi, na mashine ile,
ile ya sepetu mbele,
na mafuta yake tele
hayashuki mawinguni.

Na Toini, je, halipi?
Pango lake lenda wapi?
Mwenye nyumba ana ipi
kodi, isiyo pangoni?

Njia hii tupitayo
si petroli ilipayo
yote; sehemu ni hayo
mapango ya mitaani.

Kura zikagawanyika,
nne kwa nne, wakachoka;
hadi Mei wakaweka
faili lile rafuni.

Jana, kwenye njia yake,
niko na brashi, nipake,
akafunga breki zake,
akaja hadi ndooni.

Noti ya dola kumi tu
kanipa, hakuna watu:
"Si ya baraza, ni yetu,
ya rangi hii ya chini."

Risiti mimi sinayo,
wala kitabu cha hayo.
Akapotea. Ninayo,
imekunjwa, kofiani.

Kivela naye kapita,
rangi mbichi akafuta
kidogo; honi kavuta
ya pole. Nami gotini

nikachora tena ule
mstari, mbele kwa mbele,
noti nayo vilevile
yanikuna utosini.