Somo la Mshipa

Wiki ya kwanza nilidunga chungwa.
Ya pili, mkono wa plastiki uliojaa maji ya rangi,
usiolia, usiouliza kama nimeshakula.
Ya tatu Sista Kerubo akanipeleka kitanda cha kumi na nne,
akasema, "Mwalimu wako huyu hapa,"
akaenda zake.

Mwalimu alikuwa na miaka tisa.
Nasimiyu, mtoto wa kiangazi, kutoka Chwele,
na Julai ya Nairobi ilikuwa imemkamata magotini.
Nje ya dirisha korongo wamejikunyata juu ya migunga
kama makoti yaliyosahaulika,
ukungu umeshuka mpaka getini.
Kwa damu kama yake baridi si hali ya hewa.
Ni rungu.

"Si huo," akaniambia. "Huo umechoka.
Na huo ni mwongo, ukiuona utadhani upo,
ukiugusa unakimbia.
Jaza glavu maji ya moto, nishike nayo kwanza.
Halafu tafuta kwa kidole. Usitafute kwa macho."

Nikafumba macho.
Chini ya ngozi kitu kikakisukuma kidole changu
kama mlango ulioegeshwa tu.
"Hapo," akasema. "Sasa acha kusema pole, dunga."

Daktari alipomweleza bibi yake habari za seli mundu
alichora kwenye bahasha ya eksirei
kitu chembamba, kilichopinda, cha kukatia nyasi.
Bibi akaitazama picha muda mrefu.
"Kwetu omundu ni mtu," akasema.
"Mmemwona mtu humo ndani?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Usiku nikapeleka sampuli maabara,
Njogu akaniachia hadubini akaenda kutafuta chai.
Nikainama.
Chembe zimejikunja, moja imelalia nyingine,
kama watu kwenye benchi la korido
wanaosubiri kuitwa tangu jana.
Ndiyo, bibi. Wamo.

*

Alhamisi sidungi. Alhamisi ni ya utafiti.
Napewa daftari, simu ya ofisi, na majina
ya watoto wa saratani ya damu
walioanza dawa, wakafika mzunguko wa pili, wa tatu,
wakaacha kuja.
Profesa anataka kujua kwa nini.
Fomu ina visanduku: Nauli. Bima. Mganga. Amefariki.
Nyingine (eleza).
Hiyo nyingine nimeijaza mpaka pembeni ya karatasi:
ng'ombe wa mwisho ameshauzwa
mama amejifungua, hakuna wa kumbeba huyu
mtoto alisema amepona, tukamwamini.

Kyalo wa Kathonzweni,
yule aliyeiita dawa nyekundu juisi
na ya manjano mkojo wa simba,
aliyemfunga Sista Kerubo drafti
kwa vifuniko vya chupa, mara tatu, mbele ya wanafunzi,
nimempigia Alhamisi saba.
Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.
Yule mwanamke wa simu ninamjua kuliko ndugu zangu.
Hapigi chafya. Hachelewi. Hajui Kyalo ni nani.

Leo imeita.
Imeita mara nne, kisha mbwa, kisha upepo,
kisha sauti ndogo:
"Baba yuko shambani. Wewe nani?"

Nikamwambia. Nikasahau swali la kwanza,
na la pili, na kusoma ile aya ya ridhaa.
"Aaa, wa hospitali!" akasema,
kama mtu anayeonyesha kiatu kipya.
"Nywele zimeota. Nyingi."

Hakuna dawa tena mwilini, ndiyo maana zimeota.
Hilo linajulikana hapa mezani,
halijulikani Kathonzweni.

Nikafumba macho.
"Mkimbilie baba," nikasema.
"Simu usiikate. Iweke hapo chini, hivyo hivyo,
nitakuwa nausikiliza huo upepo."