Limepokelewa

Mimi karani. Kazi yangu ni kufupisha.
Mtu huzungumza nusu saa barazani,
nami namtoa mistari miwili,
napiga muhuri, nafunga faili.

Ila diwani wa Kinyambogo, Bi Mize Shaame,
hafupishiki ila kwa tabu.

Kikao cha kwanza alikuja na chupa ya maji.
Si ya dukani. Ya kisima cha Bondeni,
rangi yake chai iliyolala.
Akaitua mbele ya mwenyekiti, juu ya kitambaa cheupe,
ubavuni mwa sahani ya njugu.
"Mheshimiwa, n'nakuomba unywe."
Mwenyekiti akacheka. Wengine wakamfuata.
Yeye hakucheka, wala hakuketi.
Akasema pampu imekufa tangu Mfunguo Tano,
na kilichoiua ni kidude sawa na ngumi ya mtoto,
na fundi wa Konde ameshakitaja bei,
na bei yenyewe haifiki posho ya kikao hiki.
Hapo njugu zikaacha kutafunwa.

Nikaandika:
Diwani aliulizia hali ya maji.
Ilielezwa kuwa suala linafanyiwa kazi.

Kikao cha pili alikuja na daftari la mwanawe wa skuli,
kurasa za nyuma, majina ya waliojifungua kituoni
kwa mwanga wa simu.
Maua Kombo. Hidaya wa Mzee Shehe. Tatu Faki, pacha.
"Na huyu wa nne, simu ilizimika mtoto yuko njiani.
Mkunga akamalizia kwa vidole.
Yu mzima, alhamdulillahi.
Wamemwita Nuru.
Msicheke. Ni jina, na ni malalamiko."

Nikaandika:
Diwani aligusia umeme wa kituo cha afya.
Limepokelewa.

Neno hilo!
Lau lingekuwa tofali,
Kinyambogo ingekuwa na hospitali ya ghorofa.

Na kwao humchoka pia.
Mwanamme mmoja alimwambia usoni, dukani, mbele za watu:
"Tulikupa kura ulete maji, si maneno."
Akafunga kitambaa chake cha pesa, polepole.
"Nateka, Mbwana. Nateka kila siku.
Kamba yangu fupi, kisima chao kirefu."

Siku moja nilimkuta Wete, ofisi ya maji,
kwenye benchi la ukumbini, viatu amevivua,
anakula muhogo wa kuchemsha juu ya gazeti,
anamngoja bwana aliyetoka "mara moja"
tangu kabla ya adhuhuri.
Ilikuwa saa tisa na robo.
"Utaliandika na hili?" akaniuliza.
Nikamwambia benchi halina muhtasari.
"Basi nusu ya kazi yangu haimo humo mwako."
Akanimegea muhogo.
Nimeula. Mpaka leo sijui nimeumeza.

Kidude kikafika, mwezi wa tisa,
kwenye mfuko wa plastiki, chini ya kiti cha gari la mtu.
Kwenye ufunguzi zilikuja gari tatu na utepe.
Walitajwa wengi, hata aliyekata utepe akajitaja.
Bi Mize alikuwa kwenye foleni, na ndoo yake ya kijani,
watu kumi na mmoja mbele yake.
Sikuona kama amenuna.
Alikuwa anahesabu: ndoo moja, dakika ngapi.

Kikao kilichofuata akasimama.
Nikadhani ni shukurani, nikaweka kalamu chini.
Alishukuru kweli, sentensi moja, kisha akasema:
"Maji hutoka Jumanne na Ijumaa.
Je, Mheshimiwa, Jumatano watu wa Kinyambogo hawanywi?"

Nikaokota kalamu.
Nikaliandika kama lilivyotoka kinywani,
pamoja na alama yake ya kuuliza.

Rasimu ilirudi kutoka kwa mwenyekiti,
mstari mwekundu umepita juu ya Jumatano.
Nimeichapa upya mara mbili.
Jumatano bado imo.

Kesho kuna kikao.
Ameniomba nitafute kiti cha ziada:
anakuja na mkunga.